Siku Paulo Aliposimama Kabla ya Kula

Kerenge,
S.L.P. Korogwe.
Jumapili, 18 Januari 1970.

Mpendwa kaka yangu Valerian,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia hapo ulipo, maana tangu utoto hukuwahi kuniacha na salamu yangu mdomoni. Shikamoo kaka. Na Mama mpe shikamoo yangu karibu kabisa na sikio, upande ule unaosikia. Goti lake linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi yule kijana wa Kasulu aliyekuwa anarudi nyumbani, ilifika au aliishia kujichua yeye mwenyewe njiani? Uniandikie.

Sisi huku tu wazima, Mungu ametutunza. Baba Paulo ameondolewa kukata mkonge, wamemhamishia chumba cha brashi kule korona, kiwanda cha nyuzi za mkonge. Amepona jua, lakini vumbi la nyuzi linamkaa kifuani na akianza kukohoa jirani wanampa pole kupitia ukutani. Rosa yuko darasa la nne sasa. Kwa kimo bado ananifika begani, kwa maneno alishanipita.

Mahindi ya vuli tumepata kidogo, kunde zimetuokoa. Joto ni lile unalolijua. Wewe uliyekimbilia milima ya Kasulu ukatuachia bonde hili la mkonge, tunakukumbuka kila ifikapo saa saba mchana.

Sasa kaka, barua yako ya mwezi wa kumi na moja niliipokea. Umesema Ponsiano amechaguliwa kwenda sekondari ya Mabruda huko kwenu, na wewe moyo unasitasita. Umesema ng'ombe watabaki bila mtu, na tena watu wanakuambia kwamba watoto wa misheni wanarudi na Kiingereza kingi na mikono laini, hawajui hata kushika mpini. Ukaniuliza mimi dada yako, kwa kuwa Paulo wangu yuko kwa Mabruda mwaka wa nne sasa: hao watu wanawafundisha nini hasa ambacho mtoto hawezi kukipata pengine?

Nilitaka kukujibu siku ile ile. Nikashika kalamu, nikaandika hesabu, nikaandika Kiingereza, nikaandika dini, nikaona hapana, hayo hata wewe unayajua. Nikaiacha. Nashukuru niliiacha, maana jibu lilikuwa bado linakuja, na limefika Jumatatu hii iliyopita. Kwa hiyo vumilia, barua itakuwa ndefu. Msomee na Mama, ila kile kipande cha mbuzi msomee polepole.

Kwanza hilo la mikono laini. Kaka, wamekudanganya. Shule ya Paulo ina bustani, ina zizi la nguruwe na la ng'ombe, ina karakana ya useremala. Bruda Mkuu mwenyewe, mtu wa Mahenge huko, mrefu, ana vidole kama vya marehemu Baba alipokuwa manamba wa kukata mkonge. Alfajiri wako kanisani, saa moja wako na majembe, saa mbili wako darasani. Mambo haya ya kujitegemea tunayoyasikia kwenye redio siku hizi, wao walikuwa wanayafanya kabla hayajapewa jina.

Lakini si hilo ninalotaka kukuambia. Kuna desturi yao moja. Wao wanaiita kusimama tu, haina jina la Kilatini.

Iko hivi. Jioni wote wakishakaa mezani, kabla ya kugusa chakula, Bruda Mkuu ananyamaza kidogo. Hapo mtu aliyemkosea mwenzake au aliyeharibu kitu cha wote anasimama mwenyewe. Anasema alichokifanya, kwa maneno machache, na sharti kubwa ni moja: haruhusiwi kusema "lakini". Akishasema, anabaki amesimama mpaka wale aliowakosea wamjibu neno moja: "Tumesikia." Ndipo anakaa. Na mtu mmoja wa meza yake husimama naye, maana yake ni kwamba kesho watatengeneza pamoja kile kilichoharibika. Mabruda nao husimama. Paulo aliniambia Bruda Mkuu aliwahi kusimama mbele ya watoto wote kwa kumsingizia mwanafunzi kwamba ameiba msumeno, kumbe alikuwa ameusahau mwenyewe juu ya dari.

Mimi nilipoambiwa nilishtuka. Nikamwendea Padre Jumapili nikamwuliza, Baba, hii si kitubio hii, watoto wanatubu mbele ya ugali? Padre akacheka, akasema, "Mama Paulo, kitubio ni kwa Mungu na siri yake iko palepale. Hii ni adabu tu ya watu wanaokula pamoja." Nikaridhika, ingawa si sana.

Sasa ngoja nikuchekeshe. Likizo yake ya kwanza, Paulo yuko nyumbani, nimeweka ugali na dagaa, baba yake ameshanawa. Mtoto akasimama wima kama askari. Baba yake akamtazama. "Unaumwa?" Paulo akasema, "Nimevunja mtungi wa mama. Nilikuwa nacheza mpira karibu nao." Kisha akabaki amesimama. Tukatazamana. Mimi kwa mtungi ule nilikuwa nimeshamlaumu Rosa na kofi nimempa. Baba Paulo akaniuliza, "Huyu anangoja nini, achapwe?" Rosa ndiye aliyekuwa ameshaelezwa na kaka yake. Akasema, "Anangoja mumwambie mmesikia. Na mimi nangoja mniombe radhi." Kaka, tulisikia.

Basi, sasa nafika kwenye jambo lenyewe.

Kila mwaka darasa la Paulo hupelekwa wiki mbili kufanya kazi kijijini, bure kabisa, na mwaka uliopita ilikuwa kijiji kimoja kipya cha ujamaa upande wa Handeni, ukishapita Kabuku unaingia porini kidogo. Walikwenda mara tu baada ya Idi. Walifyatua matofali na kusimamisha kuta za zahanati pamoja na wanakijiji. Kulala, waligawanywa wawili wawili majumbani mwa watu. Bruda hataki wapige mahema pembeni. Anasema anayetaka kumjengea mtu ukuta kwanza ale chumvi yake.

Wenyeji pale ni Wazigua, Waislamu karibu wote. Paulo na rafiki yake Habakuki, mtoto wa Kianglikana kutoka Vugiri ambaye mdomo wake haujui kufungwa, waliwekwa kwa Mzee Mbwana na mkewe Bi Tatu. Mzee Mbwana ni balozi wa nyumba kumi, na watu wakitaka kujua kijiji kitasema nini humtazama yeye kwanza. Ana mwanawe anaitwa Salimu. Mwaka huo Salimu alikuwa amemaliza darasa la saba, na katika kijiji kile chote ni yeye peke yake aliyechaguliwa kwenda sekondari. Na sekondari yenyewe aliyopangiwa ni hiyohiyo ya Mabruda.

Mzee Mbwana alikuwa amekataa. Hakukataa kwa ukali, maana si mtu wa ukali. Alisema tu kwamba hawezi kumpeleka mtoto mahali atakapolishwa kibudu, nyama isiyochinjwa kihalali, bila mwenyewe kujua. Mwalimu wa kijiji alimsihi, hakusikia. Bi Tatu alilia, hakusikia. Halafu wale vijana wakakaa kwake wiki mbili, akawaona wanavyofanya kazi na kusali, na kumwamsha Salimu aende msikitini, akaanza kulegea. Walimsimulia na habari ya kusimama, akacheka mpaka kofia ikaanguka. "Yaani watu wazima na ndevu zao wanajishtaki mbele ya mboga? Na akishajishtaki anapewa nini, minofu?" Habakuki akamwambia, "Anapewa jibu tu, mzee, na ugali umeshapoa."

Basi Mzee Mbwana akasema jibu lake kuhusu Salimu atalitoa siku ya karamu ya kumaliza kazi, Jumamosi kabla ya Noeli, mbele ya watu wote. Na kila mtu alishajua kwamba jibu litakuwa ndiyo. Salimu alikuwa ameshaazima sanduku.

Sisi wazazi wa karibu tulialikwa. Lori la shule lilitupitia Korogwe, tukakalia magunia ya saruji mpaka Kabuku. Nilipofika nikamkuta Paulo ndiye mkuu wa jiko siku hiyo. Masufuria mawili makubwa ya nyama yako motoni, wali unaandaliwa, watu wanazidi kuja mpaka kutoka vitongoji vya mbali. Nikajifunga kanga, nikakaa kuchambua mchele. Nikaona ngozi mbili za mbuzi zimewambwa juani.

Kaka, wewe unatujua, tumelelewa kambi ya mkonge na kila kabila na kila dini. Jambo la kwanza mtu anauliza kwenye nyama ya watu wengi ni nani kachinja. Nikauliza hivyohivyo, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi.

Paulo akasema, "Wa kwanza kamchinja Mzee Abdi asubuhi."

"Na wa pili?"

"Mimi, mama."

"Wewe nani?"

"Mimi Paulo."

Nikaweka ungo chini. Akaniona uso, na wa kwake ukabadilika. Akasema, "Mama, dua si ilishasomwa asubuhi?"

Nikupe picha, uelewe mtoto alivyokosea. Mzee Abdi ndiye mchinjaji wa kijiji. Kabla ya kuchinja yule mbuzi wa kwanza aliomba dua ndefu, akawaombea vijana, akaiombea zahanati, akaiombea karamu yote, kisha akachinja akaenda zake msibani Kabuku. Mbuzi wa pili alikuja baadaye, zawadi ya Mabruda. Paulo akatazama watu wanavyoongezeka, akachukua kisu. Kuchinja kafundishwa na baba yake. Na kwetu sisi, kaka, Padre akibariki mbegu anabariki vikapu vyote vya kanisa kwa sala moja, hata vya wale waliochelewa wakabaki mlangoni. Mtoto akadhani na dua ya Mzee Abdi iko hivyo, imewafunika mbuzi wote wa siku ile. Hakujua kwamba wenzetu kila mnyama anatajiwa jina la Mungu wakati wa kisu chake mwenyewe, tena na mtu wa dini yao. Shuleni nyama huja jikoni tayari imechinjwa na mlinzi wao ambaye ni Mwislamu, hajawahi kuona inavyokuwa. Akamchinja, akamkatakata, akachanganya nyama yote kwenye masufuria yote mawili.

Tuliokuwa tunajua ni watu watatu tu: mimi, Paulo, na Habakuki aliyekuwa anachochea kuni. Habakuki akatazama nyuma, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Paulo, nyama ikishaingia kwenye mchuzi haina jina. Tuliojua ni watatu, na mimi nimeshasahau."

Nami kaka nikainua macho. Nilikuwa namtazama Mzee Mbwana kule kwenye kivuli cha turubai, amevaa kanzu safi, na Salimu anapita akigawa maji ya kunawa na uso wake unang'aa. Nikaona kila kitu kimo ndani ya masufuria yale: kuta zile, jina la shule, na masomo ya mtoto wa watu. Nikashika rozari mfukoni, lakini hata sala yenyewe sikujua niombe nini.

Paulo akanawa mikono. Akamwambia Habakuki, "Wewe umesahau, mimi sijasahau." Akaenda moja kwa moja kwa Bruda Mkuu, nami nikamfuata nyuma kama kuku.

Bruda alikuwa anapima ukuta kwa uzi. Akamsikiliza mpaka mwisho. Akaukunja ule uzi. Akauliza, "Chakula kimeshapakuliwa?"

"Bado."

"Unataka niwaambie mimi?"

Paulo akasema, "Hapana Bruda. Nimechinja mimi."

"Haya. Bila lakini."

Ni hayo tu aliyomwambia. Hakumpa shauri jingine. Akatembea nyuma yake mpaka pale kwenye turubai, akasimama kando.

Paulo akawaamkia wazee. Kisha akasema, namkumbuka neno kwa neno: "Wazee wangu, mama zangu. Mbuzi wa pili nimemchinja mimi, Mkristo. Nyama yake nimeichanganya na ya yule aliyechinjwa na Mzee Abdi. Masufuria yote mawili msile. Nimewakosea." Na akabaki amesimama.

Hakuna aliyejibu. Wangejibu nini, desturi ile si yao. Na wale vijana wenzake hawakuruhusiwa kujibu, maana wao hawakuwa wamekosewa. Halafu bibi mmoja, Bi Zuena, akasema kwa sauti ya kusikika hata barabarani, "Si ndiyo tuliyosema. Leo mbuzi, kesho mtoto." Akina mama wengine wakaguna. Kila neno lilinichoma kaka, na sikuweza kumlaumu.

Habakuki akaacha kuni zake, akaja akasimama karibu na Paulo, bega kwa bega. Huyo mwenye mdomo, siku hiyo hakusema kitu. Kisha wakasimama wengine, mmoja mmoja, mpaka darasa zima. Na Bruda.

Mzee Mbwana alimtazama mwanangu. Akavaa kofia yake vizuri, akachukua fimbo, akaondoka. Hakusema ndiyo wala hapana. Salimu aliweka chini birika la maji, akamfuata baba yake.

Paulo hakukaa. Jua lile, unalijua la Handeni. Alikaa tu pale Bi Tatu alipokuja akamgusa mkono, "Keti mwanangu, utaanguka." Na huyo Bi Tatu, Mungu amzidishie, akageukia watu akasema, "Wali upo. Wali haujachinjwa na mtu." Akaenda kwake akarudi na chungu cha kunde, mwingine akaleta mlenda, mwingine kisamvu. Wageni wakala hivyo, wale waliobaki. Vijana wetu nao walikula hivyohivyo. Nyama ilikuwa halali yao kabisa, na hawakuwa wameonja nyama wiki mbili, lakini hakuna hata mmoja aliyekwenda kwenye sufuria.

Nyama tulirudi nayo kwenye lori mpaka kambini kwetu, ikagawiwa Wakristo. Baba Paulo anasema kambi nzima siku ile ilimwombea Paulo akosee tena.

Lakini Noeli yetu haikuwa na furaha. Paulo alitumikia Misa, akaimba, akacheza na Rosa, ila nilimwona. Siku moja tunapukuchua mahindi akaniambia, "Mama, mimi nilisema, lakini hakuna aliyenijibu. Na Salimu hatasoma kwa sababu ya kisu changu." Baba yake akamwambia angeuliza kwanza. Akasema, "Ndiyo, baba, ningeuliza." Hakujitetea. Nikatoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Nilisali novena nzima ya siku tisa kaka, si kwa ajili ya Paulo, ni kwa ajili ya yule mtoto Salimu. Nilimwambia Mama Maria, wewe unajua mtoto kukosa nafasi.

Jumatatu tarehe kumi na mbili shule zikafunguliwa. Nilimsindikiza Paulo mwenyewe, nilitaka kumwona Bruda. Tukiwa pale getini, wazazi wamejaa, masanduku kila mahali, nikaona watu wanakuja kutoka barabara ya mabasi. Mbele, kanzu. Nyuma yake, mtoto na sanduku la bati kichwani.

Mzee Mbwana alipita wazazi wote. Alimpita na Bruda Mkuu aliyekuwa ameshanyoosha mkono. Akaja mpaka alipo Paulo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Siku ile nilipoondoka, ulisimama mpaka saa ngapi?"

"Mpaka Mama Tatu aliponiambia nikae."

"Na mliniambia nyumbani kwangu kwamba kwenu mtu akisimama, yule aliyekosewa humjibu."

"Ndiyo mzee."

"Mimi niliondoka bila kujibu. Nilikuwa na hasira, halafu hasira ikaisha nikabaki na deni la neno. Sikulala vizuri nalo. Nimekuja kujibu." Akaweka fimbo yake kwapani, akamshika Paulo mikono yote miwili. "Tumesikia."

Kaka Valerian, mimi nilikuwa naangalia ndani ya kikapu changu kama niliyepoteza sindano.

Ndipo akamgeukia Bruda. Akasema, "Mwalimu, hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba mwanangu atalishwa kitu, na wanaojua watanyamaza. Sasa nimewaona. Kijana huyu angenyamaza tungekula, tungewashukuru, na mimi ningekupa mtoto siku ileile. Alijua hivyo, na akasema. Basi Salimu akilishwa kisichomfaa hapa kwenu, najua ataambiwa. Mchukueni."

Bruda naye akamnyooshea mkono tena. Alisema tu, "Mzee, hatukumwita aje abadili dini. Tunamwita asome, na amwogope Mungu wake kama ulivyomfundisha." Akamweleza habari za mlinzi anayechinja, na chumba ambacho watoto wa Kiislamu husalia.

"Vizuri," akasema Mzee Mbwana. "Lakini huyu Paulo mnyang'anyeni kisu."

Watu walicheka pale getini mpaka na Habakuki, ambaye alikuwa ametokea sijui wapi, akasema ameshakificha. Paulo akamtua Salimu lile sanduku, akalibeba kichwani mwake mwenyewe, wakapanda njia ya mabwenini. Sikuitwa kuagwa. Nilimwona tu mgongo, shati la shule nililolishona mimi, na lile sanduku juu, nikajisemea moyoni, Grasiana, mtoto wa manamba wa Kasulu, angalia ulichozaa. Ni majivuno, najua, na nitayaungama. Lakini nitayaungama polepole.

Bi Tatu amenitumia kwa mkono wa mumewe kikapu cha kunde na salamu kwamba nikipita Kabuku nisilale kwa mtu mwingine.

Yapo maneno siku hizi kwamba shule za misheni zitachukuliwa na serikali, ziwe za wote. Wazazi wengine pale getini walikuwa na wasiwasi. Mimi sijui siasa. Nilimwuliza Bruda, akanijibu kwamba nchi ni moja, na majengo yakiwa ya taifa watoto watakaokaa ndani ni hawahawa, na ugali wataula saa ileile. Nikafikiri sana juu ya hilo njiani. Kubadili kibao cha shule ni kazi ya asubuhi moja. Sioni nani atakuja kumwondoa Paulo lile alilonalo sasa.

Basi kaka, hilo ndilo jibu langu. Mpeleke Ponsiano. Ng'ombe mtafutie mtu mwingine, hata kama ni wewe mwenyewe na miguu yako ya uzee. Huko atafundishwa hesabu na Kiingereza, atasali, atalima kuliko anavyolima kwako. Na siku moja atarudi likizo, mtaketi kula, na yeye atasimama mbele ya chakula. Usimwulize anaumwa nini, kama sisi. Sikiliza mpaka amalize, kisha umjibu. Usimwache amesimama.

Mkono umechoka na Rosa anataka kalamu yake. Msalimie Mama tena, mwambie namwona kila nikisali. Msalimie wifi yangu Veridiana, mwambie kitenge chake nimekipata na nimekivaa Noeli, watu wakaniuliza kama ni mgeni wa Padre. Msalimie Ponsiano mwenyewe, na wadogo zake wote. Baba Paulo anakusalimu sana, anasema umletee tumbaku ya huko siku ukija. Na Mzee Mbwana, nilipomwambia nina kaka Kasulu, naye akasema nisiache kumtaja kwenye salamu, basi nimemtaja.

Mungu aliyewalinda wazazi wetu kwa miguu kutoka Kasulu mpaka kwenye mkonge huu, awalinde na ninyi huko mlikorudi, awape mvua kwa wakati wake na mezani pasikosekane wa kumjibu mwenzake.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, aliyekuwa ukimbeba mgongoni kuvuka mto,

Grasiana, Mama Paulo.